Mungu Hatupi

Kefa alikuwa fundi maandishi wa mwisho Kibaigwa, cheo ambacho hakukigombea. Wenzake walishahamia kwenye udalali wa mahindi au makaburini, na maduka yakahamia kwenye mabango ya kuchapishwa. Kwa hiyo Octavian, mwenye malori saba, aliposimamisha moja mbele ya kibanda chake na kusema, "Andika MUNGU HATUPI MJA WAKE. Ukinifurahisha, na kazi ya yale sita ni yako," Kefa alijua kwamba leo ama anapona ama anafunga kibanda.

Alikuwa na sharti moja: haandiki moyo ukiwa wa moto. Mwaka aliofiwa na mkewe, Emilia, aliandika ubao wa kanisa kwa hasira, herufi zikalala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Hadi leo waumini wanausoma wamepinda shingo. Tangu hapo, mkono ukianza kutetemeka, hutumbukiza brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, huketi, husubiri. Watu waliita huo uvivu. Yeye alijua mistari yake iliyonyooka hivyo ilitoka kwenye kule kuketi.

Alikuwa amemaliza maneno mawili, mazuri kupita kiasi, Obedi wa mashine ya stika alipokuja kutoka kibanda cha jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hiyo mimi naitoa dakika kumi. Pumzika tu sasa, umeshatumika."

Mkono ukaanza. Kefa akaweka brashi, akaketi.

"Vipi fundi?" Octavian akauliza.

"Nasubiri mkono, bosi."

"Kwani umekwenda wapi?"

Madalali wa mahindi waliosimama kando wakacheka. Mustapha, mkubwa wao, akasoma kwa sauti: "Mungu hatupi. Ukweli mtupu. Hata mvua mwaka huu hakutupa."

Octavian hakucheka. "Mzigo unasubiriwa Dar. Malizia hivyo hivyo."

Kefa akainuka, akasogeza brashi. Ncha ilicheza kama mkia wa mbuzi. Akairudisha koponi.

"Dakika chache, bosi. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba mteja. Kumbe kuomba nako huupasha moyo moto. Sasa mikono yote miwili ilitetemeka. Octavian akampungia dereva, lori likaondoka na tangazo lake kwamba Mungu hatupi, na mwenyewe akaingia kwa Obedi bila kuaga.

Mkono ulitulia lori likiwa linakaribia Gairo.

Jioni Obedi alirudi na karatasi nyeupe. Safari hii hakuutazama uso wa mzee.

"Bosi anasema stika zangu hazina uhai. Anataka herufi zako. Uzichore hapa zote, A mpaka Z, mashine itanakili. Yale sita nitayabandika mimi."

"Na mimi?"

"Hakusema, mzee."

Kefa akaketi. Alikaa muda mrefu hata Obedi akadhani amekataa, akaanza kuikunja karatasi. Kefa akamshika kiganja, akaichukua, akailaza juu ya ubao. Mkono wake ulikuwa mtulivu kama wa maiti.

Akaanza na A.