Siku niliyomuombea afande ashindwe gemu niliyoitengeneza mwenyewe, Tunduma

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na mliovuka mipaka.

Najua humu mtu akileta kisa tu anaulizwa kama ni chai ya rangi au ya maziwa. Iteni mnavyotaka. Mimi naandika lililonipata, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkazi wa Tunduma, mpakani na Zambia. Nimelelewa na shangazi, dada yake baba, na ndiye aliyenisomesha. Biashara yake wenyeji mnaielewa bila maelezo: alikuwa anapeleka mchele Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anarudi na sukari ya Zambia.

Getini alikuwa hapiti. Anapita njia inayoanzia nyuma ya jiko lake, inakatiza kwenye mahindi ya watu na kutokea upande wa pili, karibu na kwa mdogo wake aliyeolewa huko.

Ile sukari ndiyo ilikuwa ada yangu, ndiyo ugali wetu. Shangazi akishikwa, nyumba nzima inalala njaa. Hilo liwekeni kichwani.

Sasa mimi ni mgonjwa wa kompyuta. Nilikuwa na laptop ya mtumba, betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya. Nikaanza kujifundisha kutengeneza gemu kwa programu za open source, zile za bure ambazo code yake, yale maandishi yanayoiendesha programu, iko wazi. Unaisoma, unaibadilisha, unaigawa, na hakuna wa kukuuliza. Kwa mtu asiye na kadi ya benki, hiyo ni neema.

Nikaamua kutengeneza gemu ya mashine ya zamani ya mkononi, zile za kuchezea gemu tu. Mashine yenyewe sijawahi kuishika! Lakini kuna emulator, programu inayoifanya simu ijifanye ile mashine, na inakubali hata kwenye simu ya Mchina. Nilitaka kila kijana wa Tunduma aicheze.

Wenzangu duniani wakitengeneza gemu wanachora majoka na mapango. Mimi nikachora Tunduma. Foleni ya malori, geti, wabadilisha kwacha, baiskeli zenye mizigo mpaka humuoni mwendeshaji.

Level ya mwisho niliiita Sukari. Una mfuko kichwani, unawakwepa mgambo na mbwa, unavuka.

Na kwa kuwa siwezi kuchora nyumba ambayo sijawahi kuishi, nikachora ya kwetu. Jiko lile lile, na mlango wa rangi ya chungwa, uliopakwa rangi aliyobakiza fundi baada ya kupaka tela la lori. Mlango wa rangi ile Tunduma nzima upo mmoja.

Ujinga wangu nikauona ni sanaa. Code yote nikaiweka mtandaoni.

Ile level ilikuwa na bug moja, yaani kosa kwenye code. Ukifika nyuma ya jiko na mfuko wako, gemu inaganda. Nilihangaika nayo nikashindwa. Jamaa mmoja wa Brazil, hatujawahi kuonana, akaisoma code yangu na kunitumia marekebisho. Nilifurahi mpaka nikamsimulia shangazi, naye akaniuliza Brazil ni upande wa Lusaka au wa Kongo.

Vijana wanaowajazia watu nyimbo kwenye memory card wakaipata, ikasambaa. Kila kijiwe watu wanavusha sukari.

Mchana mmoja wakaja mabwana wawili. "Wewe ndiye wa gemu ya mpaka? Beba laptop yako twende."

Ofisi siitaji. Niliingizwa chumba kimoja, nikamkuta afande mkuu, mtu mzima, mgeni wa mji, alikuwa amehamishiwa pale karibuni. Pembeni yake kijana wake mmoja.

"Dogo, nani kakutuma uchore geti letu?"

Nikamwambia ni gemu tu, mkuu.

"Umeiweka wapi?"

Hapo mdomo ukaniponza. Nikajibu kwa kujidai kabisa: "Mtandaoni, mkuu. Ni open source. Mtu yeyote duniani anaweza kuichukua."

Sentensi ile nilikuwa natamba nayo kila siku kijiweni. Siku ile ndipo niliposikia inavyosikika kwenye masikio ya mtu wa usalama. Wakatazamana. Nikajua kimenuka.

"Fungua," akasema. "Nataka nione njia zako zinaishia wapi."

Wakuu, mimi ningesema nini? Nikachomeka waya, nikafungua. Akakaa kuicheza mwenyewe.

Mwanzoni alinipa matumaini. Alikuwa mzito, analigonga lori, anafia kwenye foleni. Kila akifa nashusha pumzi. Nikasema moyoni, huyu atachoka aende zake kunywa chai.

Kumbe yule kijana wake ni mtaalamu. "Afande, ruka hapo. Subiri baiskeli ipite. Haya, sasa!" Afande akaanza kuelewa. Akavuka foleni. Akawapita wabadilisha kwacha.

Hebu fikirieni hali ile. Gemu nimeitengeneza mwenyewe, kila mbwa namjua alipojificha, na nimekaa pale nawaombea mbwa wangu wamng'ate afande!

Akaingia level ya Sukari.

Nikakumbuka bug. Nikapoa kidogo. Akifika nyuma ya jiko itaganda, nitasema ndiyo mwisho wake, mkuu, bado sijaimalizia.

Halafu nikamkumbuka yule mtu wa Brazil. Marekebisho yake nilikuwa nimeshayaingiza kwenye laptop hiyo hiyo, kwa mikono yangu, nikamshukuru na kumshukuru. Nilimchukia yule jamaa kwa dakika ile, Mungu anisamehe.

Nikaanza kuusogeza mguu kwenye waya. Nikiuvuta, mashine inazima, basi. Mguu ukafika karibu kabisa.

"Kaa mbali na waya," akasema kijana wake, hata macho hakuyatoa kwenye kioo.

Mbwa wa kwanza, akamruka. Wa pili, akamsubiri apite. Mgambo akageuka, afande akajificha nyuma ya ukuta niliouchora mimi. Alishaipenda gemu, mnaona wenyewe. Siku nyingine ningejivuna.

Mlango wa rangi ya chungwa ukatokea kwenye kioo.

Nikajituliza: ni mgeni, haujui mtaa wetu, ataona ni rangi tu.

Mlango wa ofisi ukagongwa. Akaingia shangazi na hotipoti ya ugali. Habari zilikuwa zimemfikia, akaja kuniletea chakula kama mtu aliyefungwa.

"Hamjambo wanangu?"

"Shikamoo mama," wote wakaitikia, hata afande.

Alikuwa ananitafuta mimi kwa macho. Macho yakapita kwenye laptop, yakarudi.

"Eeh! Hapo si kwangu?"

Kijana wa afande akainua macho kwenye kioo, akamtazama.

"Mlango wangu huo! Na jiko langu! Mwanangu, ndiyo hiyo uliyosaidiwa na mtu wa Brazil?"

Alifurahi kwelikweli, wakuu. Uso wote ulimng'aa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Afande akatoa mikono kwenye laptop. "Mama, na hii njia ya nyuma ya jiko inaenda wapi?"

Hapo ndipo shangazi alipoelewa. Aliniangalia, akamwangalia afande, akaweka hotipoti mezani taratibu.

"Kwa mdogo wangu. Ameolewa ng'ambo."

"Unaenda na nini?"

"Na miguu, baba."

Yule kijana akacheka. Afande hakucheka. Alimwambia shangazi arudi nyumbani, chakula aniachie. Hakumshika, kwa hilo namshukuru. Mimi aliniweka mpaka jioni, nikaapa mbele yake kwamba sitaisambaza tena ile level, nikaifuta huku anaona.

Nikadhani tumepona. Wiki haikuisha, mgambo akaja na kiti chake, akakaa mwisho wa mahindi nyuma ya jiko letu. Mpaka leo hii wanapokezana pale.

Sukari imekwisha. Shangazi sasa anauza karanga stendi. Akitaka kumuona mdogo wake anapanga foleni getini, anagongewa mhuri kwenye karatasi, anarudi jioni amechoka. Zamani alikuwa anaenda na kurudi maharage yakiwa bado motoni.

Hajanigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Yule wa Brazil nilimwandikia aiondoe ile level. Alinijibu kwa upole kwamba kopi zimeshachukuliwa na watu asiowajua, na ruhusa ya kuzichukua niliitoa mwenyewe. Kweli niliitoa. Kwa hiyo ninavyoandika hapa kuna watu wanapita nyuma ya jiko la shangazi, wasiojua hata kwamba yupo.

Funzo nililopata: open source ni kitu kizuri sana, naitumia na nitaitumia. Lakini code ni yako, maisha ya mtu mwingine si yako kuyaacha wazi. Kabla hujapandisha kitu, muulize anayeishi humo ndani.

Sasa lililonileta hapa.

Wiki iliyopita shangazi alirudi kutoka stendi, akanawa mikono, akakaa karibu na laptop. "Ile njia yangu bado ipo kwenye mashine?"

Nikamwambia niliifuta.

"Kote?"

Nikashindwa kumdanganya. Akasema basi anataka apite mara moja tu, polepole, bila mfuko.

Kwenye gemu yangu bila mfuko huvuki, niliiandika hivyo. Basi nimeichukua kopi ya Brazil, nimeanza kuibadilisha. Itakaa kwenye laptop hii tu, haitoki. Mfuko nimeshautoa. Mgambo nimemtoa. Upande wa pili nachora nyumba ya mdogo wake, nimemuuliza mwenye nyumba mlango wake ni rangi gani.

Mbwa ndio sijui. Shangazi anasema wale wa njiani walikuwa wanamjua.

Wataalamu wa gemu mliomo humu, nipeni maoni: mbwa anayemjua mtu anaandikwaje?