Dereva wa Nusu Barabara

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mabasi mawili ya rangi moja yanasimama yakitazamana mbele ya kituo cha mafuta, katikati kabisa ya safari. Milango ya madereva inafunguka kwa pamoja. Kwenye basi la kwanza anaruka mwanamume mfupi aitwaye Kisoda. Kwenye la pili anateremka mrefu asiyeisha, anaitwa Ngazi. Majina yao ya vyeti wanayajua wake zao na ofisi ya mishahara.

"Klachi inagoma ukiweka gia ya pili, ibembeleze," anasema Ngazi. "Na kiti nimekirudisha nyuma, usije ukatafuta pedali kwa darubini."

"Cha kwangu nimekisogeza mbele. Ukiingia kwa pupa, magoti yatakuziba masikio."

Matani yakiisha, somo linaanza. Ngazi anainua vidole vitatu.

"Leo kona tatu. Ya kwanza, baada ya kiwanda cha matofali, ina uongo. Unadhani imeisha, kumbe ndiyo inaanza."

Kisoda anarudia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha naye anatoa kona zake. Dakika nne zimekwisha. Kila mmoja anapanda basi la mwenzake na kurudi alikotoka. Abiria wanaendelea mbele; wanaogeuza ni madereva.

Kisoda, mwenye miaka hamsini na moja, ameishi hivi kwa miaka kumi na tisa. Barabara ina kilomita mia nne na kumi na mbili. Yeye anazijua mia mbili na sita za upande wa milimani. Zilizobaki anazisikia tu, kama mtu anayesikia habari za harusi asiyoalikwa.

Utaratibu huo wanauita kupokezana, na una historia yake. Kampuni ilianzishwa na mashemeji wawili, kila mmoja akiendesha basi lake, kila mmoja akiishi mwisho wake wa barabara. Hakuna aliyekubali basi lake lilale kwa mwenzake. Kwa hiyo mabasi yalikutana katikati, abiria wakahamishana na mizigo yao, kila basi likarudi kwa mwenyewe.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, alipogoma kushuka na cherehani yake.

"Tushuke watu arobaini kwa sababu nyinyi wawili hamuaminiani?" aliuliza. "Shukeni nyinyi."

Wakashuka wao. Tangu siku hiyo mabasi yanapita moja kwa moja, na madereva ndio wanaohama. Mashemeji hawapo tena, mabasi yamefika kumi na mawili, lakini kupokezana kumebaki.

Kumebaki hadi mwisho wa mwezi huu. Meneja mpya, binti wa mmoja wa waanzilishi, ameleta mabasi yenye kasi ambayo hayatasimama katikati. Madereva ni kumi na wanne, wanaohitajika ni kumi. Kila mmoja atajaribiwa barabara nzima, mkaguzi akiwa nyuma yake. Akifeli atarudia mara moja. Akifeli tena, barua.

"Kichwa changu ni cha barabara hii," anasema Kisoda. "Nje ya hapo mimi ni mtu mfupi tu."

Ndiyo maana ya masomo ya dakika nne. Lakini anajua vizuri anachokifanya. "Namfundisha mtu anayeweza kuichukua nafasi yangu, naye ananifundisha mimi. Tumekubaliana tupite wote wawili. Ukiwaza sana, unapitiliza kona."

Alijaribu njia fupi. Siku yake ya mapumziko alikata tiketi ya kwenda hadi mwisho, akakaa dirishani kama bwana mkubwa. Basi liliposimama katikati, miguu ikamshusha kwa mazoea. Alikuwa bado anasalimiana na Ngazi, basi likaondoka na begi lake. Ngazi alicheka hadi akakaa chini.

Mkewe, msusi wa nywele, hacheki. "Siku hizi hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia nje. Juzi nimemkuta sebuleni anaendesha sofa."

Kisha ikafika Alhamisi, siku ya majaribio kwa wote wawili, saa ile ile, kila mmoja kutoka kwake. Wakapishana karibu na kituo cha mafuta bila kusimama. Ngazi aliwasha taa. Kisoda hakuwasha, mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kigeni. Alikuwa akinong'ona njia nzima: "Matofali. Usiiamini. Daraja, shika kulia." Alipozima injini mwisho wa safari, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Umepita," alisema mkaguzi. "Ila unaongea sana peke yako."

Simu ikaita kabla hajashuka.

"Uko kwetu?" aliuliza Ngazi.

"Niko kwenu. Nimepita, bwana."

"Hongera. Kwenu kuna tuta."

"Tuta gani?"

"Baada ya shule, kwenye mteremko. Halina alama. Nimelivaa mbio, mama mmoja kagonga kichwa kwenye dari. Nimefelishwa."

"Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

Kisoda alitaka kuapa kwamba hakukusudia, akaishia kusema pole. Tangu hapo usingizi wake ni wa kuvizia.

"Lile tuta silijui kwa kichwa," anaeleza, akikwaruza rangi ya mlango kwa kucha. "Mguu ndio unalijua. Unapunguza mwendo wenyewe, mimi huku napiga soga na kondakta. Nikimweleza mtu hivyo, ananitazama. Hata mimi najitazama."

Ngazi, ninapompigia simu, ana jibu lake. "Angetaka kuniangusha angenipa kona ya uongo. Lakini andika pia kwamba sijacheka."

Jaribio lake la pili ni Jumatano ijayo. Madereva tisa wameshapita. Nafasi imebaki moja, na wanaoigombea ni watano.

Kisoda amemwomba mkewe afunge kibanda cha ususi kwa siku tatu. Mama huyo anapanda basi alfajiri, anakaa kiti cha mbele na daftari la shule, na kazi yake ni kuutazama mguu wa mumewe. Kila ukiinuka, anaandika walipo. Siku ya kwanza aliandika sehemu sitini na moja. Kisoda alizisoma mezani, akakuta ishirini na mbili hakuwahi kujua kwamba anazijua.

"Mguu wako una akili kukushinda," mkewe alimwambia.

"Wewe andika tu," alijibu Kisoda.

Jumatatu daftari litamfikia Ngazi, na kona zilizobaki atazipata kwa simu kila jioni. Kisoda amekwisha kupanga pia maisha yatakavyokuwa baada ya hapo, iwapo mwenzake atapita. Mmoja atakuwa akipanda milima, mwingine akiishuka, na basi halitasimama hata dakika moja.

"Tutapishana tu, kila siku, tukipigiana honi," anasema. "Mimi sina neno. Ila ninayempigia nataka awe yeye."