Tausi Alivyokuja Kudai Wanawe

Usiku ule nyumbani tulilala wawili tu wenye uhai: mimi na mjukuu wangu Siwema, binti wa kitindamimba wangu Rukia. Erasto, mtoto wa jirani yetu Mama Neema, anayefanya kazi na Siwema, alikuwa ameshaondoka tangu jioni. Waliokuja usingizini ni Tausi, mke mwenzangu, na wanawe, Zuhura mkubwa na mdogo wake Hamisi, ambao surua iliwachukua wangali wadogo. Mume wetu Kassimu hakuja. Nilimtazamia, hakuja.

Niseme kwanza Siwema na Erasto walikuwa wanafanya nini. Wanatengeneza programu ya zahanati, ya kuandikisha watoto wa chanjo pamoja na mama zao. Majina yanakaa kwenye kanzidata, ndilo ghala la humo ndani ya kompyuta, na kila mmoja ana ya kwake ya kujaribia. Walipoanza, Siwema aliniomba majina ya kujazia. Nikamwambia, mtoto aliye hai simwandikishi ugonjwa wa uongo wala sindano ya uongo. Chukua wa kwetu waliotangulia, wao hawadhuriki tena. Nikamtajia, akaandika. Ndivyo Tausi alivyoingia humo na wanawe.

Basi jioni ile waligombana. Kwa Siwema ukimfungua Zuhura unamwona na mama yake. Kwa Erasto Zuhura yupo, Hamisi yupo, Tausi naye yupo, lakini watoto hawana mama. Utaratibu wao, nilivyoelezwa, ukibadilisha kitu kwenye kanzidata yako unaiandika hatua hiyo kwenye faili, unampelekea mwenzako, na yake inafuata vilevile.

"Faili zako zote nimezipitisha kwangu, moja baada ya nyingine," Erasto alisema. "Kwako ndiko kuna uchafu."

"Uchafu gani na inafanya kazi?"

"Inafanya kazi kwako tu. Twende zahanati na kompyuta yako mgongoni?"

"Ibebe, mgongo unao."

"Siwema, sitanii. Asubuhi tunaifuta ya kwako, tunaijenga upya kwa faili zilizopo. Itakayotoka hapo ndiyo anayopelekewa bosi."

Siwema alijua itakayotoka hapo haitamjua mama wa mtoto yeyote, na kwamba bosi ataiona hivyohivyo na kusema msichana hajafanya kitu. Alitafuta kosa mpaka macho yakawa mekundu. Nikamwachia chai mezani, nikaenda kulala.

Nikajikuta jikoni, kwenye nyumba yetu ya zamani ya Urambo, napuliza moto usiotaka kuwaka. Tausi akaingia bila hodi. Hakunitazama. Akapita, nami nikamfuata, na tulipovuka kizingiti hatukutokea uani, tulitokea zahanati. Mabenchi yamejaa wanawake na watoto, na hakuna mtoto anayelia. Ukimya ule ndio ulionitisha.

Nesi anaita, "Zuhura binti Kassimu! Mama yake yuko wapi?"

Tausi anasimama. Nesi anamtazama, anatazama ukuta ulio nyuma yake, anasema, "Huyu mtoto hana mama. Anayefuata."

Zuhura yuko palepale, kwenye benchi lilelile, gauni lake la njano. Anamwamkia Tausi, "Shikamoo mama," kama anavyomwamkia mpita njia yeyote. Hamisi amejikunyata pembeni, usoni vipele vimeanza kutoka. Nataka kupiga kelele wampe sindano, sauti haitoki.

Tausi ndipo anageuka.

"Bi mkubwa, umenipeleka wapi?"

"Nilikupeleka pazuri, Tausi. Kwa mjukuu wetu."

"Kwa msichana nakaa na wanangu. Kwa kijana nakaa nao benchi moja na hawanijui."

"Mimi vitu vyao sivielewi."

"Sikukuambia uvielewe. Muulize msichana: aliniweka mama siku gani, na alimwambia nani?"

Mabenchi yanaanza kuondoka, moja moja, na waliokalia. Nikamrukia Zuhura nimshike. Nikashika foronya.

Kulikuwa kumepambazuka. Sebuleni nasikia sauti ya Erasto, amekuja mapema, kompyuta ya Siwema iko mbele yake.

"Shikamoo bibi. Dakika moja tu, naifuta hii."

"Marahaba. Toa mkono hapo."

"Bibi nawe!"

Nikamwambia Siwema, kabla sijasahau hata neno: "Tausi anauliza, ulimweka mama siku gani, na ulimwambia nani?"

"Bi Tausi naye kaajiriwa ofisini kwetu?" Erasto akacheka.

Siwema hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Siku ile umeme unakatika na kurudi," akasema polepole. "Sehemu ya mama niliiongeza mle mle ndani ya kanzidata, nisipoteze muda. Nikasema faili nitaiandika umeme ukitulia."

"Ukaiandika?"

"Sikuiandika, Erasto. Sikumwambia mtu."

Erasto akavuta kiti, akampisha. Siwema akaiandika faili ile, Erasto akaipitisha kwake. Kisha wakaifuta ya Siwema yote, mbele yangu. Kioo kikawa kitupu, hakuna Zuhura, hakuna mtu, na mimi nimesimama nimeshika mlango. Wakaijenga upya kwa faili, majina yakarudi. Erasto akanisomea: Zuhura, mama yake Tausi. Hamisi, mama yake Tausi. Akageuza kompyuta yake, akanisomea tena vilevile.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Nimesema Zuhura ndiye mkubwa na gauni lake lilikuwa la njano. Kama yupo mtu wa Urambo aliyewajua watoto hao, akaona nimekosea, anisahihishe. Siwema yupo, ataandika.