Sanduku la Katuni la Papa

Leo sokoni Goma nimefungua kitabu cha zamani cha katuni. Harufu ya karatasi iliyokaa unyevuni ikanipanda puani, nikamwona akilini Papa, baba yangu.

Kwetu kijijini Burungu aliuza maziwa. Kila alipopata katuni kuukuu alizipanga sandukuni kwa mafungu matatu: nzima, zilizochanika jalada, na zilizopungua kurasa. Mimi binti yake nilimsomea maneno yake ya Kifaransa, naye akakagua pini zinazoshika kurasa mgongoni mwa kitabu.

Siku tuliyokimbia vita, alibeba sanduku hilo kichwani. Mchana mvua ikatusukumia ndani ya kanisa tupu. Mdogo wangu mchanga alikuwa amepoa mwili kifuani mwa Mama, na kuni zote zilikuwa mbichi.

“Papa, mutoto iko natetemeka,” Mama alisema.

Papa akaanza kuchoma katuni mbovu ili apashe maziwa tuliyobeba. Zikaisha, akachukua zilizochanika jalada, kisha zile nzima. Moja akanipa kwanza kabla ya kuichoma.

“Soma mbio. Hii iko ya mwisho.”

Nilisoma huku nikilia. Mtoto alikunywa vijiko viwili, akaacha kupumua. Mama akamfunika uso. Papa aliendelea kuchana kurasa za ile ya mwisho na kuzitia motoni, moja moja.