Mtihani wa Kusimama

Binti wa kaka yangu ana miaka kumi. Herufi humchanganya, na kutulia kitini hawezi. Daktari alishatueleza kwamba ni matatizo mawili, wala si uvivu. Hata hivyo, mwalimu mkuu alitaka arudie darasa la tatu kwa mara ya pili.

Mimi nauza vitambaa, na dukani mtoto huyu hukunja majora huku akinijibu hesabu za kichwa bila kukosea. Basi nikaenda naye ofisini kwa mwalimu mkuu kupatana.

"Mwalimu, msomee maswali, naye ajibu kwa mdomo, amesimama."

"Shangazi, huu ni mtihani, si mnada!"

"Maswali kumi tu. Akishindwa, nitamrudisha la tatu mwenyewe."

Akakubali shingo upande. Mtoto akaona mapazia yaliyofuliwa yamerundikwa mezani, akaanza kuyakunja. Swali moja alisomewa mara mbili. Mengine aliyajibu kabla mwalimu hajamaliza kusoma. Akapata tisa.

Mwalimu akavua miwani, akacheka.

"Haya, aende la nne, na mitihani yote atasomewa."

"Na kusimama?"

"Na kusimama, shangazi! Hutosheki?"

Mtoto alishafika uwanjani, akiwatangazia wenzake kwamba yuko la nne.