Mama Mdogo wa Bahareni

Mwaka wa tatu tangu tuhame Unguja nilikuwa mwosha vyombo katika kambi ya kampuni ya mafuta, nje ya Maskati. Jioni moja tuliruhusiwa kukaa chini, nyuma ya viti vya Wazungu, tutazame filamu. Ilikuwa ya Korea ya zamani. Maandishi ya Kiingereza yalipita upesi, nami niliacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, kwa hiyo niliwahi nusu tu. Nusu hiyo ilitosha. Mwanamke mwenye mikono laini aliingia nyumba ya mayatima, akamshika kidevu binti mzuri, akamwimbisha. Dada wa binti huyo, ambaye hakuwa mzuri, mwanamke hakumtupia hata jicho. Kaka mtu akapokea vitambaa, akashukuru. Binti akafunzwa ngoma na mashairi, akawa gisaeng, mwanamke wa kuwaburudisha wakubwa. Hakuwa tena na ruhusa ya kukataa.

Nyumbani kwetu Matrah tulikuwa na mgeni, binamu wa marehemu mama, mjane kutoka Bahareni. Alikuja na vitambaa. Nilikwishakubali amchukue mdogo wetu wa mwisho akasome Bahareni, maana hapa kwetu shule ya wasichana haikuwapo.

Kesho yake nilimkuta amemshika mtoto kidevu.

"Hebu tusomee tena kasida ile, mwanangu. Sauti kama hii itaozea jikoni?"

Niliikumbuka filamu, nikauliza: "Mama mdogo, shule gani hiyo inayotaka sauti?"

"Na wewe shule gani iliyokufunza kumhoji mgeni? Au ndiyo ile uliyoikimbia?"

Wadogo zangu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwonesha mdogo wangu wa kati, ambaye ndui ilimwachia makovu uso mzima.

"Basi mchukue huyu. Huyu mdogo abaki."

Nilijua atakataa, na kukataa kwake kungekuwa ushahidi wangu.

Akasema mama mdogo: "Mie nnatafuta mtoto wa kusoma, sitafuti mke. Anajua kuandika?"

"Anajua," akajibu yule wa kati mwenyewe, na tayari alikuwa anakunja kanga zake.

Kumzuia kungekuwa kumwambia mbele ya watu kwamba nilimtoa kama chambo. Akaenda. Yule wa mwisho alininunia hata mwezi ukaisha, na alikuwa na haki.

Barua ya kwanza ya yule aliyekwenda niliisoma mara tatu. Niliufananisha mwandiko na daftari lake la zamani, nikanusa karatasi kama ina udi wa nyumba ya starehe. Alilalamikia hesabu, na wali wa kule, kwamba hautiwi nazi. Mama mdogo hakutajwa hata kwa salamu, na hilo nalo nililiwekea alama.

Nikachukua kalamu: "Ni nani anayekuamsha asubuhi? Na chumba unacholala, komeo lake liko ndani au nje?"