Wimbo wa Kumi na Moja

Maji yakikaribia kujaa mtungini, sauti yake hupanda. Huanza nzito, kama mtu anayekohoa kifuani, kisha huwa nyembamba hadi inapofika mdomoni. Hata leo nikiisikia, popote nilipo, huanza kuhesabu bila kutaka. Nikifika kumi na moja, naona haya kama vile kuna mtu ananitazama.

Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Kiganjo, Thika, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili na vyoo viwili, kimoja kikiwa na mlango. Maji yalikuja Jumamosi peke yake, kwenye mfereji wa pale chini karibu na kibanda cha mboga, na kujaza pipa letu ilikuwa kazi yangu. Niliichukia. Lakini nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho hakikuwa kwingine kokote kwenye ploti: mashine ya dividii. Mama aliifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika kila kitu isipokuwa sisi.

Nekesa alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na tulikuwa rika moja. Kaka yake, Barasa, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Industrial Area. Aliugua wiki mbili tu, akafa. Redio yake kubwa iliuzwa ili mwili ufike kwao Bungoma. Sidii moja ikabaki kwa sababu hakuna aliyeitaka: nyimbo kumi na sita zilizotamba za bendi fulani ya wazungu, roki ile wanayoiita mbadala, gitaa zikinguruma na mwimbaji akilalamika kama amenyimwa chakula. Barasa alikuwa akiicheza kila Jumapili akifua nguo, tupende tusipende. Ploti nzima ilimwona kijana aliyepotea. Kwa Nekesa alikuwa kaka, basi.

Wiki chache baada ya mazishi Nekesa alikuja mlangoni kwetu, sidii ameifunga ndani ya leso.

"Shiku, naomba nisikize namba kumi na moja. Hiyo tu."

Mimi nilizaliwa na bei mdomoni. Nikaitazama sidii, nikalitazama pipa tupu.

"Wimbo mmoja, mtungi mmoja. Ule wa lita kumi. Na mashine yetu hairuki, lazima ianze mwanzo."

"Hairuki kabisa?"

"Hairuki. Na usiniambie hizo zingine ni za bei ya chini. Zote ni zile bora, ndiyo maana zikawekwa pamoja."

Nimekutana na madalali wengi tangu siku hiyo, na bado sijasikia hoja safi kama ile. Rimoti ilikuwa mfukoni mwangu.

Nekesa alibeba. Mtungi, wimbo; mtungi, wimbo. Nami nilikaa kwenye kochi kama mwenye nyumba, nikihesabu mara mbili nisije nikapunjwa. Wa kumi na moja ulipofika, alisimama mbele ya televisheni, rinda likimgandama kwa maji. Kuna mahali katika wimbo huo vyombo vyote hunyamaza ghafla. Hapo Nekesa alipiga makofi mawili, pa, pa, gitaa zikarudi. Ndivyo Barasa alivyokuwa akifanya, mikono imejaa povu la sabuni. Mimi nilicheka.

Jioni mama alifunua pipa akashangaa. "Uui! Huyu mtoto wangu siku hizi ana bidii!" Akanipa chapati ya juu kabisa, ile moto. Nikaila yote.

Jumamosi nne tulifanya hivyo. Ya tano Nekesa alikuja mapema, amevaa viatu vya kanisa.

"Leo tunahama. Mama amepata nyumba Ruiru, pikapu iko njiani. Niwekee hiyo moja tu, Shiku. Tafadhali."

Ningeweza. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kibonyezo, ndani ya mfuko. Lakini kubonyeza kungekuwa kukiri Jumamosi nne.

"Si nilikwambia hairuki."

Alinitazama usoni, akautazama mfuko wangu, akachukua mtungi akatoka.

Foleni ya mferejini ilikuwa ndefu siku hiyo. Tulikuwa wimbo wa nane pikapu ilipopiga honi. Mama yake akapaza sauti uani: "Nekesa! Wewe ndiye utangojwa na watu wazima?" Akaleta mtungi wa tisa mbio, akasimama hadi wimbo ukaisha.

"Zimebaki mbili," akasema, akakimbia. Sidii ilibaki ndani ya mashine.

Pikapu ilipokata kona nilitoa rimoti, nikaenda moja kwa moja hadi kumi na moja. Vyombo viliponyamaza nilijaribu kupiga yale makofi. Nikachelewa.

Mwaka huu nilimpata Ruiru. Ana duka la mashuka karibu na stesheni. Sidii ilikuwa kwenye mkoba wangu, lakini nilianza kwa kupigania bei ya mashuka mawili, maana mazoea ni mazoea. Kisha nikaiweka mezani.

"Ai, Shiku! Hii bado iko? Na nani siku hizi ana mashine? Mimi huusikiza kwa simu."

Nikamwambia kwamba mashine yetu ilikuwa inaruka.

"Najua. Hata redio ya Barasa ilikuwa inaruka. Kwani umewahi kuona yenye hairuki?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenifungulia Jumamosi ingine?"

Alisema hivyo akikunja mashuka, bila hasira, na afadhali angekuwa nayo. Miaka yote hiyo nilidhani nilikuwa nimemdanganya. Kumbe mtoto wa miaka kumi, mwenye msiba, alikuwa akiulinda uwongo wangu ili nisiaibike, kwa sababu nikiaibika ningefunga mlango, na nyuma ya mlango huo ndiko alikokuwa kaka yake. Mitungi hamsini na mitatu. Nimehesabu mara mbili.

Nekesa alinipunguzia bei, akaongeza na foronya mbili bure. Nilitaka kukataa. Mikono yangu ilikuwa imeshapokea.